Kupunguza Mng'ao wa Vanishi kwenye Modeli: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Picha za modeli za meli ninazotumiwa zinafanana. Meli imechongwa vizuri, milango imenyooka, kamba zimekazwa kwa subira ya wiki nzima, halafu vanishi ya mwisho imeifanya ing'ae kama chupa iliyotoka majini. Au mwenye meli aliogopa mng'ao, akaimwagia vanishi nzito ya mati, yaani isiyong'aa, na sasa meli nzima ina ukungu mweupe kama imepakwa unga.

Makosa hayo mawili yana chanzo kimoja. Mtu anataka kuua mng'ao kwa mkono mmoja mzito wa mwisho, yaani tabaka moja nene la vanishi, bila kuandaa kilicho chini yake. Mng'ao wa wastani, ule unaofanya modeli ionekane meli na si kisanduku cha plastiki, hujengwa kwa mikono myembamba juu ya uso laini, siku inayofaa, baada ya kujaribu pembeni. Haya yafuatayo ndiyo ninayoyafanya hapa Kirumba, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, kwa modeli za plastiki na za mbao, kwa wenye kompresa na wenye brashi tu.

## Vifaa, kabla hujafungua kopo lolote

- Vanishi ya glosi, yaani inayong'aa, isiyo na rangi, na vanishi ya mati ya aina hiyohiyo. Nunua zote mbili za kampuni moja na asili moja: maji kwa maji, au mafuta kwa mafuta. Utazichanganya, na zisipopatana zitakatika kama maziwa yaliyoganda.
- Kiyeyushi chake. Vanishi ya maji hupunguzwa kwa maji safi au kimiminika cha kampuni yake. Ya mafuta kwa tapentaini. Laka, ile vanishi kali inayokauka haraka, kwa tina.
- Vijiko vya plastiki kumi au zaidi. Ndivyo vitakavyokuokoa, usiviruke.
- Vijiti vya mishikaki vya kukorogea na kushikia vipande vidogo.
- Msasa wa maji namba 1000, 1500 na 2000.
- Brashi pana yenye nywele laini, au bunduki ndogo ya rangi na kompresa, au kopo la kupuliza.
- Tepu ya karatasi ya wapaka rangi, sabuni ya vyombo, kitambaa cha fulana kuukuu kisichotoa nyuzi.
- Katoni kubwa ya kufunikia, na kipande cha chandarua.
- Barakoa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali, ikiwa utapuliza tina au laka. Barakoa ya kitambaa huzuia vumbi tu, mvuke hupita.
- Chumvi ya mezani na sahani kavu. Sababu nitaieleza kwenye hatua ya tano.

Onyo moja hapahapa. Klia ya magari, ile vanishi ya juu ya kuchanganya na hadina (kigumisho), usiipulize nyumbani. Hadina yake ina isosayaneti, kemikali inayodhuru mapafu na inayoweza kumpa mtu pumu ya kudumu. Mafundi wa magari wanaoifanya kazi hiyo vizuri wana chumba chenye feni na barakoa ya kuletewa hewa safi. Zaidi ya hayo, klia ya kawaida ya magari imetengenezwa ing'ae sana, yaani kinyume kabisa cha tunachokitafuta.

## Amua kwanza: unataka ing'ae kiasi gani?

Chukua MV Mwanza, meli ya Ziwa Victoria. Ina urefu wa mita 92.6. Ukiitengeneza kwa skeli ya 1:200 inakuwa sentimita 46.3, inakaa vizuri juu ya kabati. Ukiitazama ukiwa umbali wa nusu mita, ni sawa na kuitazama meli yenyewe ukiwa mita 100 kutoka ilipo.

Sasa siku ukiwa ufukweni, itazame meli yoyote ikiwa mita 100 majini. Huoni taa ikijirudia kwenye bati lake kama kwenye kioo. Unaona rangi, na juu yake mwangaza mpana usio na kingo. Ndiyo maana rangi ileile inayopendeza kwenye meli kubwa huonekana ya uongo kwenye modeli: mng'ao haukupungua pamoja na kipimo.

Lakini usikimbilie mati tupu kila mahali. Meli nzima ikiwa mati inakufa, inaonekana ya chokaa. Mimi hugawa hivi: ubavu wa meli satini, yaani nusu mng'ao, sitaha mati, vioo na taa glosi. Mtumbwi wa dagaa uliovutwa mchangani ni hadithi nyingine. Mbao zake za juu zimekaushwa na jua, hizo ni mati kabisa, ila sehemu ya chini iliyotoka majini karibuni inapendeza ikiwa na satini kidogo.

## Kwa nini mati haing'ai

Elewa hili na nusu ya matatizo yako yatakwisha. Uso laini hurudisha mwanga wote upande mmoja, ndiyo maana unaona taa ndani yake. Vanishi ya mati ina unga laini sana, mara nyingi silika, ambao ukikauka huacha uso wenye vijinundu visivyoonekana kwa macho. Mwanga ukigonga hapo hutawanyika kila upande.

Kutokana na hilo, mambo manne:

Unga huzama chini ya kopo. Usipokoroga vizuri, juu unapata glosi, na siku unamaliza kopo unapata chaki.

Unga ukirundikana kwa mkono mnene, hauwi tena wazi. Unaonekana mweupe, hasa juu ya nyeusi, bluu nzito na nyekundu ya damu ya mzee.

Mwanga uliotawanyika huchanganyika na rangi, kwa hiyo rangi nyeusi itaonekana imepauka kidogo. Hilo si kosa. Lipangie mapema kwa kuchagua rangi iliyokolea kidogo zaidi.

Na vijinundu hivyo husagika. Sehemu inayoshikwashikwa na vidole itaanza kung'aa tena baada ya muda. Modeli ya mati ishikwe kwenye kitako chake.

## Hatua ya 1: Iache rangi ikauke kwelikweli

Rangi ya akriliki ya maji ipe siku nzima. Rangi ya mafuta ipe wiki. Najua ni ndefu. Vanishi ikipakwa juu ya rangi ya mafuta ambayo bado inapumua, inaizuia kukauka, na baada ya siku chache uso unakunjamana au kupasuka nyufa kama tope la bwawa lililokauka.

Kipimo: sogeza pua karibu. Ukisikia harufu ya rangi, bado. Kisha bonyeza ukucha taratibu mahali palipojificha, chini ya kitako. Usipoacha alama, endelea.

Usianike plastiki kwenye jua la saa nane mchana ili kuharakisha. Nimeona mlingoti uliopinda kama samaki mkunga kwa sababu hiyo, na haukunyooka tena.

## Hatua ya 2: Safisha mafuta ya vidole

Modeli ya plastiki: maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni ya vyombo, brashi laini, suuza, acha ikauke yenyewe. Modeli ya mbao usiizamishe. Ipanguse kwa kitambaa chenye unyevunyevu kisha kikavu. Vanishi haishiki penye mafuta, huvutika na kuacha madoa ya duara. Kuanzia hapa ishike kwa kijiti au kwa kitako.

## Hatua ya 3: Piga glosi kwanza

Hapa ndipo wengi hubisha. "Nataka isiwe na mng'ao, kwa nini nianze na glosi?" Kwa sababu mati haifichi uso mbaya. Mati juu ya rangi yenye mabaka (hapa imekauka, pale imenyonywa) inatoa mabaka vilevile. Glosi inasawazisha: kila mahali panakuwa na kiu moja. Pia inakuwa ngao. Ukikosea juu yake, unaweza kusugua bila kugusa rangi.

Kwa plastiki, mikono miwili myembamba inatosha, na masaa kadhaa katikati kulingana na maelezo ya kopo.

Kwa mbao, kuna kazi zaidi. Mbao hunywa vanishi, na hainywi sawasawa: ncha zilizokatwa hunywa kuliko ubavu, na msonobari hunywa kuliko mninga. Ndiyo maana mtumbwi wa mbao uliopakwa mkono mmoja unang'aa tumboni na umekauka kwenye ncha. Paka kwanza sila ya mbao, ile ya kuziba vinyweleo, acha ikauke, sugua kwa msasa mwembamba kufuata mistari ya mbao, futa vumbi, rudia. Ncha zipe mkono mmoja wa ziada. Ukimaliza ndipo glosi.

Utajua umefaulu ukiinamisha modeli mbele ya dirisha, na mwanga ukateleza kutoka tezi hadi omo bila kukatika. Inang'aa kupita kiasi? Ndivyo inavyotakiwa kwa sasa.

## Hatua ya 4: Majina na stika

Stika za maji, zile za kuloweka ili zitoke kwenye karatasi yake, zibandikwe sasa, juu ya glosi. Zikibandikwa juu ya uso wa mati, hewa hunasa kwenye vijinundu chini ya utando wake, na jina la meli linaonekana limezungukwa na rangi ya fedha. Hakuna vanishi itakayoiondoa hewa hiyo baadaye. Zikikauka, kesho yake, zifunike kwa mkono mwembamba wa glosi ili kingo za utando zipotee.

## Hatua ya 5: Chagua siku na saa

Kama ningeruhusiwa kukusisitizia hatua moja tu, ningechagua hii. Maelezo mengi ya vanishi yameandikwa kwa watu wanaoishi penye baridi na hewa kavu. Wanakwambia upashe kopo joto. Sisi tuko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100, joto tunalo, ila tumekaa mdomoni mwa ziwa. Adui yetu ni unyevu.

Kiyeyushi kikipaa kinaupoza uso wa vanishi. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, umande mwembamba unatua pale pale na kunaswa ndani. Uso unakuwa wa maziwa. Laka na makopo ya kupuliza ndiyo yanayoathirika zaidi, kwa sababu kiyeyushi chake hupaa haraka. Feri yangu ya kwanza ya mbao iliharibika hivyo, asubuhi ya mwezi Aprili, mvua ikiwa imekatika nusu saa tu iliyopita. Jua lilikuwa linawaka, nikadhani hewa imekauka. Miezi mitatu ya kazi ikawa na rangi ya uji.

Ukiwa na kipima unyevu, subiri kishuke chini ya asilimia 70. Kama huna, tumia chumvi. Chumvi safi huanza kulowa pale unyevu wa hewa unapopita asilimia 75. Tandaza kiduchu kwenye sahani kavu, iweke mahali utakapofanyia kazi, rudi baada ya saa moja. Punje zikiteleza na kutawanyika ukitikisa sahani, anza. Zikishikana au zikiacha alama ya maji, ahirisha. Chumvi ya mawe yenye uchafu huwahi kulowa, kwa hiyo kosa lake liko upande wa usalama.

Saa ninazozipenda ni kuanzia saa nne asubuhi hadi saa sita. Kabla ya hapo umande wa usiku bado upo. Alasiri upepo kutoka ziwani unakuwa umeamka, unabeba vumbi la mtaani na kupeperusha rangi kabla haijafika kwenye modeli. Miezi ya Juni hadi Agosti ndiyo rahisi zaidi kwa unyevu, ingawa vumbi lake ni kali. Ili vumbi litulie, mwagia sakafu maji kidogo nusu saa kabla, kisha ukaushe, na fanya kazi katika chumba kingine kama unacho.

Halafu kuna wadudu wa ziwani, wale wanaopaa juu ya maji kama moshi wa shamba linalochomwa. Hujitokeza kwa wingi zaidi siku za mwezi mwandamo, na usiku hufuata taa. Usipake vanishi jioni chini ya balbu siku hizo. Mdudu mmoja akitua kwenye sitaha mbichi, akapiga mabawa, ameandika mistari ambayo mati itaionyesha milele. Katoni ya kufunikia niliitoboa dirisha kila upande, nikaziba kwa chandarua: hewa inapita, mdudu hapiti.

## Hatua ya 6: Koroga, changanya, jaribu kwenye kijiko

Koroga mati kwa kijiti cha bapa, ukikwangua chini ya kopo, dakika tatu nzima. Ukiinua kijiti, ncha yake isiwe na ute mzito. Kama upo, endelea. Kutikisa chupa peke yake hakuinui unga uliokaa miezi dukani, na huingiza mapovu. Kopo la kupuliza ndilo linalotikiswa: dakika mbili baada ya kusikia gololi inacheza ndani.

Sasa vijiko. Vipake mgongoni rangi ileile ya modeli yako, kisha glosi. Vikikauka, tengeneza michanganyiko mitatu kwenye vifuniko vya chupa:

- kijiko A: mati sehemu 1, glosi sehemu 3
- kijiko B: nusu kwa nusu
- kijiko C: mati sehemu 3, glosi sehemu 1
- na kijiko D: mati tupu

Andika herufi kwenye mpini kwa kalamu ya wino, maana kesho hutakumbuka. Acha usiku mzima. Vanishi ya mati ikiwa mbichi inang'aa kama glosi. Anayeihukumu baada ya dakika kumi ataongeza mkono usiohitajika, na huo ndio unaoleta weupe.

Kesho vipeleke dirishani. Inamisha kila kijiko mpaka uone mwanga wa dirisha juu yake. Kama unaona fremu ya dirisha ina kingo, hiyo bado ni glosi. Ukiona mwangaza wenye umbo la dirisha lakini kingo zimeyeyuka, hiyo ndiyo satini ya ubavu wa meli. Usipoona chochote ila rangi, ni mati ya sitaha. Usitegemee hesabu ya uwiano. Unga wa kampuni moja una nguvu kuliko wa nyingine, na mara nyingi mati kidogo tu hushusha mng'ao kuliko ulivyotarajia. Kwa bluu ya ubavu mimi huishia karibu na B. Wewe kijiko chako ndicho kitakachosema.

### Ukikosa vanishi ya mati dukani

Hutokea sana. Ukizunguka maduka ya rangi ya mjini utaambiwa mati ipo ya ukutani tu. Kuna njia mbili.

Ya kwanza ni kusugua. Piga glosi mikono mitatu, iache wiki mbili. Lowesha msasa namba 1500 kwa maji ya sabuni, sugua bila kukandamiza kwa miduara midogo, malizia na 2000. Unapata satini nzuri sana kwenye sehemu tambarare na mbao pana. Usiifanye kwenye kingo, reli na maandishi. Kwenye kona vanishi huwa nyembamba na utafika kwenye rangi kwa misuguano michache.

Ya pili ni poda ya watoto ya talki, ndani ya vanishi ya glosi. Ichekeche kwa soksi nyembamba, ukivaa barakoa, maana vumbi lake si la kuvuta. Anza na robo kijiko cha chai kwa vijiko vinne vya chakula vya vanishi, jaribu kwenye kijiko, ongeza kidogokidogo. Inafaa juu ya nyeupe, krimu, kijivu na mbao nyepesi. Juu ya nyeusi inaacha kijivu cha majivu, sikushauri.

## Hatua ya 7: Ziba vinavyopaswa kubaki wazi

Madirisha ya plastiki, kama hujaweza kuyaacha mpaka mwisho, yazibe kwa tepu. Kabla ya kuibandika, ibandike kwanza mkononi mwako mara mbili ipungue gundi. Kandamiza kingo kwa kijiti.

## Hatua ya 8: Piga mikono myembamba

Kwa kopo la kupuliza. Kaa sentimita 20 hadi 25 kutoka kwenye modeli. Anza kupuliza kabla ya kufika kwenye modeli, pita juu yake kwa mwendo mmoja, acha ukiwa umeshaipita. Usisimame mahali. Mkono wa kwanza uwe vumbi tu: uone vitone, usione uso uliolowa. Subiri dakika kumi na tano, geuza modeli robo mzunguko, rudia. Mikono mitatu ya namna hii ni bora kuliko mmoja uliolowa. Ukienda mbali mno, sentimita 40, vitone hukauka hewani na kutua kama mchanga; ukiusugua kwa kidole unahisi mikwaruzo. Kopo usiliache juani wala ndani ya gari, na usipulize karibu na jiko la mkaa au gesi.

Kwa bunduki ndogo ya rangi. Punguza vanishi mpaka iwe kama maziwa ya dukani, kompresa kwenye shinikizo la pauni 15 hadi 20 (psi), umbali sentimita 10 hadi 15. Toa maji kwenye kichujio cha kompresa kabla ya kuanza, na tena katikati ya kazi. Kwa hewa yetu hujaa upesi. Tone moja la maji likitoka na vanishi linaacha jicho jeupe. Koroga kikombe kila baada ya dakika chache, maana unga unazama hata humo.

Kwa brashi. Usione aibu kwa kukosa kompresa. Sitaha nzuri kabisa nimeziona zikiwa zimepakwa kwa brashi ya kawaida. Tumia vanishi ya maji iliyopunguzwa kidogo, sehemu moja ya maji kwa nne au tano za vanishi. Lowesha brashi, ikamue, chovya theluthi ya nywele tu. Paka sehemu moja yenye mpaka wake, mfano ukuta mmoja wa chumba cha nahodha, kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, kisha iache. Ukishavuka sekunde ishirini au thelathini, usirudi kuigusa hata ukiona kasoro. Vanishi imeanza kushika, na brashi itavuta unga na kuchora mistari myeupe. Kasoro utaimaliza kwenye mkono wa pili, ambao unapakwa kesho, kwa kukata mwelekeo wa ule wa kwanza. Futa vanishi inayotuama kwenye pembe kwa ncha ya brashi kavu. Hapo ndipo chaki huanzia.

Funika kwa katoni, toka chumbani.

Matambaa yaliyolowa vanishi ya mafuta usiyafinyange na kuyatupa kwenye kona. Yakikauka hutoa joto, na rundo linaweza kujiwasha lenyewe. Yatandaze nje mojamoja, au yazamishe kwenye ndoo ya maji.

## Hatua ya 9: Kagua baada ya siku moja

Peleka modeli dirishani saa ileile uliyokagua vijiko, na uweke kijiko ulichokichagua pembeni yake. Izungushe polepole. Mng'ao uwe sawa kwa kila sehemu yenye kazi moja: ubavu wote mmoja, sitaha yote moja. Ukiona mabaka yenye mng'ao, ongeza mkono mmoja mwembamba mahali hapo na ukutani pote hadi kwenye mpaka wa karibu. Kiraka katikati huonekana daima.

## Imeharibika? Fanya hivi

Ukungu wa maziwa muda mfupi baada ya kupuliza laka. Huo ni unyevu. Usiongeze kitu siku hiyo. Subiri siku kavu, puliza vumbi jembamba sana la tina inayokauka polepole juu yake. Laka inalainika kidogo, maji yanatoka. Fanya hivyo kwa laka tu, na jaribu kwenye kijiko kwanza.

Weupe wa chaki kwenye pembe au juu ya rangi nzito. Huo ni unga uliorundikana. Piga mkono mwembamba wa glosi ya aina ileile. Glosi inajaza vijinundu na rangi inarudi machoni pako, jambo la kufurahisha sana kulitazama. Ikikauka kabisa, rudia mati, nyembamba zaidi, iliyokorogwa.

Uso wa ganda la chungwa. Vanishi ilikuwa nzito. Acha wiki, sugua kwa 1500 na maji, osha, piga upya.

Mdudu au unywele. Usimtoe ikiwa mbichi. Ikauke, msugue kwa msasa 2000 uliokunjwa kwenye ncha ya kijiti, kisha mkono mmoja kwenye paneli nzima.

Rangi imekunjamana. Kiyeyushi kikali kimepigwa juu ya rangi dhaifu, mara nyingi laka juu ya rangi ya mafuta. Hapa hakuna dawa. Unakwangua na kupaka upya. Kuanzia sasa, vanishi ya maji juu ya rangi ya mafuta iliyokauka kabisa ndiyo njia salama.

## Mwisho kabisa

Tepu ing'oe vanishi ikiwa imekauka kuguswa lakini haijawa ngumu, ukiivuta ikijikunja juu ya mgongo wake, polepole. Iache modeli wiki moja ndani ya katoni kabla ya kuishika au kuifunika kwa kioo.

Madirisha uliyoyaacha pembeni yatie kwa gundi nyeupe ya mbao, siyo ile ya kukausha mara moja. Mvuke wa hiyo ya kukausha mara moja hutia vioo ukungu. Halafu chovya ncha ya kijiti cha mshikaki kwenye glosi na uguse taa za kuongozea, nyekundu ya kushoto na kijani ya kulia, tone moja kila taa.

Nazo kesho yake zitakuwa ndivyo vitu pekee kwenye meli, pamoja na vioo, vinavyomeremeta.